"Shambani mwangu", si "shambani langu": kiambishi -ni na kimilikishi

Mwanafunzi wa Msanzi, kule kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, akiandika "shambani langu kuna mahindi", husahihishwa papo hapo, ila ni nadra aelezwe sababu. Yeye amefuata mantiki: kama ni shamba langu, kwa nini lisiwe shambani langu?

Kosa hilo hutokana na kuidhania -ni kuwa alama ya mahali iliyobandikwa tu mwishoni mwa nomino. Lugha za namna hiyo zipo. Katika Kituruki, ev ni nyumba, evim ni nyumba yangu, evimde ni nyumbani mwangu. Kimilikishi hutangulia, alama ya mahali ikafuata, na nomino yenyewe haibadiliki. Kiswahili hakijengi hivyo. Neno likipokea -ni huhama ngeli. Shambani si la LI-YA tena bali la PA-KU-MU, na kimilikishi pamoja na kitenzi huifuata ngeli hiyo mpya: shambani mwangu mna mahindi, mlangoni pake pamefagiliwa.

Ushahidi ulio bora zaidi ni majina ya mahali. Mturuki hana budi kusema Ankara'da, "mjini Ankara". Mkazi wa Rukwa haongezi kitu kwenye Msanzi wala Sumbawanga, lakini husema "Msanzi kwetu kuna baridi". Upatanisho wa mahali umekuja bila -ni. Kibemba, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, hutanguliza alama hizo mbele ya nomino: ku mushi, yaani kijijini. Kiswahili kimezihifadhi pa-, ku- na mu- katika upatanisho.

Mfasiri asiuchukulie uteuzi huo kama pambo. Katika shauri la mpaka, "mti umo shambani mwangu" huuweka mti ndani ya mipaka. "Uko shambani kwangu" hutaja upande tu, na "upo shambani pangu" huonyesha mahali mahususi. Karani akiandika kwangu badala ya mwangu, amelegeza dai la mwenye shamba.

Vimilikishi vilivyofupishwa, kama vya mwanangu, mumewe na nduguye, ndivyo vinavyokaribia -im ya Kituruki. Hata hivyo hutumika zaidi na majina ya jamaa, na havipokei -ni: hatusemi "mwananguni", twasema kwa mwanangu.