Mwalimu wa Michezo, Muulize Mtoto Kwanza

Kiangazi kimoja alifikishwa wodini kwetu mvulana wa darasa la tano, kapakiwa kwenye baiskeli, akilia kwa maumivu ya miguu na kifua. Asubuhi hiyo shuleni walikimbia mchakamchaka. Alipoomba kupumzika aliitwa mvivu, akaongezewa mizunguko miwili. Shule siitaji. Tulipopima damu tulikuta ana selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, na nyumbani hawakuwa na habari.

Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwemo, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye watoto wengi wa namna hii. Chembe nyekundu za damu yao hupinda kama mundu mwili unapopungukiwa maji au oksijeni, au unapopatwa na baridi. Zikishapinda hukwama katika mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Mbio za kushindana kwenye jua la saa nane, bila maji, zatosha kabisa kuyaleta.

Je, asicheze? La, mazoezi ya kadiri humfaa. Mitaala ya 2005 iliwataka walimu wamweke mwanafunzi katikati ya somo. Darasani jambo hili husemwa sana, lakini uwanjani naona filimbi ndiyo inayotawala. Mtoto apimwe kwa alivyoweza wiki iliyopita, si kwa mwenzake aliyemtangulia. Akisema amechoka, aaminiwe.

Najua mwalimu mwenye watoto themanini na mpira mmoja atanicheka. Basi awagawe makundi na kuwauliza wanacheza nini nyumbani. Watataja rede, mdako, kuruka kamba, na wengine wataanza bugobogobo kwa vijiti badala ya majembe. Kila kundi lipange sheria zake na mapumziko yake. Hapo mwalimu atapata nafasi ya kuwatazama: nani anahema kupita wenzake, nani macho yake ni ya manjano, nani amekuja hoi kwa sababu alfajiri alikuwa machimboni akiponda mawe. Huyo wa mwisho hahitaji mbio, anahitaji kula na kulala.

Mvulana wetu alirudi shuleni na barua yangu kwa mwalimu. Niliandika kwamba anywe maji kabla ya mchezo, katikati na baadaye. Asizuiwe kwenda haja ndogo, maana hawa hukojoa mara nyingi. Apumzike kila baada ya muda mfupi, tena kivulini. Wala asifanywe mlinzi wa nguo za wenzake kila kipindi, kwani naye anataka kucheza. Mwishoni nilipigia mstari: akipata homa, kifua kikimbana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, asipewe kidonge cha maumivu na kurudishwa darasani. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.