Kilatini kimemlemea mdogo wako? Anza na ngeli

Mdogo wako anasomea nyumbani, mama yuko kazini, na jukumu la kumsaidia Kilatini limekuangukia wewe. Jana alifunga kitabu akalia: "Mimi ni mjinga tu!" Usimfokee. Wala usimwongezee majedwali ya kukariri. Hayo ndiyo yaliyomchosha.

Anza na anachojua. Kwa Kiswahili husema mtoto mzuri, kitabu kizuri: kivumishi hufuata nomino. Kilatini nacho ni vivyo hivyo: puella bona (msichana mwema), amicus bonus (rafiki mwema), donum bonum (zawadi nzuri).

Kisha andika vikaratasi vitatu: puella, canem, amat. Avipange atakavyo. Maana itabaki "msichana anampenda mbwa", kwa sababu ile -m ya canem ndiyo inayoonyesha anayependwa. Sasa badilisha: canis, puellam, amat. Mbwa ndiye anayependa! Akicheka, jua ameshika.

Dakika 15 kila siku zinatosha. Saa tatu mfululizo Jumamosi ni noma. Na ukikwama, usijifanye mjuaji. Mwambie, "Hata mimi sijui, hebu tutafute pamoja." Hapo ataona kwamba kutojua si ujinga.