Mtoto Haoni kwa Jicho Peke Yake

Homa humpeleka mtoto zahanati usiku uleule, na kuharisha hakumalizi siku mbili bila mtu kutafuta dawa. Doa jeupe kwenye mboni halimkimbizi mtu hivyo. Mtoto ananyonya, analala, anaongezeka uzito na wala halii kwa maumivu. Basi familia inaamua asubiriwe akue kwanza, ndipo apelekwe kwa wataalamu. Uamuzi huo una mantiki yake, kwa kuwa mwili mkubwa huhimili nusukaputi vizuri kuliko mwili mchanga. Kosa lake ni kudhani kwamba kuona nako kunasubiri pamoja na mtoto. Nikiupima ushahidi wa miaka 60 iliyopita, naona kwamba hasara kubwa ya kuchelewa haitokei kwenye jicho. Hutokea kwenye ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari wa macho hakifiki.

Jicho la mtoto anayezaliwa lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, wakati la mtu mzima linakaribia 24. Kitovu cha retina, sehemu tunayoitumia kusomea na kutambua nyuso, huchukua miaka kadhaa kukomaa. Kwa hiyo mwanzoni mtoto huona ukungu mtupu, na kitu anachokiona vizuri kidogo ni kile kilicho sentimita 20 hadi 30 mbele yake, yaani uso wa anayemnyonyesha. Kati ya mwezi wa 3 na wa 5 huanza kuunganisha picha za macho mawili na kung'amua kipi kiko karibu na kipi mbali. Kazi hiyo hufanyika kwenye ubongo wa kisogoni, na ubongo haujifunzi kazi hiyo bila kuletewa picha safi.

Jambo hili lilithibitishwa na David Hubel na Torsten Wiesel, waliokuwa wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Harvard. Majaribio yao hayapendezi kusimulia: waliwashona paka wachanga kope za jicho moja, wakaliacha limefungwa kwa miezi ya mwanzo ya maisha. Lilipofunguliwa, jicho lenyewe halikuwa na ugonjwa wa kueleza upofu wake, lakini seli za ubongo zilizopaswa kulisikiliza zilikuwa karibu zote zimehamia kwa jicho la pili, kama jirani anavyosogeza mpaka kila msimu kwenye shamba lisilolimwa. Paka mkubwa aliyefungwa jicho kwa muda mrefu hakudhurika hivyo. Mwaka 1981 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel, na mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi, kwa watoto hakutazamwa tena kama mtoto wa jicho wa wazee. Babu aliyepoteza nuru kwa miaka 5 akibadilishiwa lenzi huona, kwa sababu ubongo wake ulikwisha kujifunza zamani. Mtoto aliyezaliwa na lenzi yenye ukungu mzito, kwa kurithi au kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito, hajajifunza kitu.

Ndiyo maana madaktari wa macho ya watoto huhesabu wiki. Kama ukungu mzito uko kwenye jicho moja, hupendelea kuutoa mtoto akiwa na umri wa wiki 6 hivi. Kama uko kwenye yote mawili, nafasi huongezeka kidogo, lakini kupita wiki 10 ni kuchelewa. Kuwahi mno nako kuna gharama, kwani upasuaji wa kabla ya wiki 4 huongeza hatari ya presha ya macho baadaye. Dirisha ni jembamba pande zote. Sasa linganisha na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto waliofikishwa hospitali ya KCMC, Moshi: tangu familia kugundua tatizo hadi kufika hospitali ilipita, kwa wastani, miezi 34. Wazazi walikuwa wameliona doa. Kilichowachelewesha kilihusiana na umbali wa hospitali na elimu ya mama.

Wapo watakaosema kwamba dirisha hilo limetiwa chumvi, na wana ushahidi. Nchini India, mradi wa Prakash ulioanzishwa na mtafiti Pawan Sinha umewafanyia upasuaji watoto wakubwa na vijana waliozaliwa na mtoto wa jicho, na wengi wamepata uoni wa kuwafaa katika maisha. Baadhi yao waliopimwa mwanzoni hawakuweza kutambua kwa macho umbo walilolishika kwa mikono, lakini baada ya siku chache waliweza. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2005 kuhusu jicho lililopuuzwa na ubongo ulionyesha kwamba, kati ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliopewa miwani na kuzibwa jicho zima, asilimia 53 waliongeza uwezo wa kuona. Kati ya waliopewa miwani tu, walioongeza walikuwa asilimia 25. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 asifukuzwe kliniki kwa kuambiwa amechelewa. Ila matokeo hayohayo yanaonyesha bei: kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa karibu haipo, na watoto wa Prakash, pamoja na mafanikio yao, kwa kawaida hawafikii ukali wa macho ya wenzao. Ubongo haufungi mlango kwa kishindo. Unausukuma taratibu, na kila mwezi unaopita hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Pingamizi la pili linahusu hofu za bure. Macho ya mtoto mchanga hutangatanga, na pua pana yenye ngozi iliyokunjika pembeni ya jicho humfanya aonekane ana makengeza ilhali hana. Ni kweli. Lakini kutangatanga huko kunapaswa kuisha kufikia mwezi wa 4 hivi. Jicho linaloendelea kupinda baada ya hapo linahitaji kupimwa, na mboni nyeupe haisubiriwi hata siku moja, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huua.

Hapo ndipo ratiba ya chanjo inaposaidia. Nchini Tanzania mtoto hurudishwa kliniki akiwa na wiki 6, na huo ndio umri unaotakiwa kwa kipimo cha macho. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja: chumba kipunguzwe mwanga, muuguzi aangaze mboni kwa kifaa kidogo cha mkononi, atazame kama macho yote mawili yanarudisha mng'ao unaofanana. Vitabu vingi huuita mng'ao mwekundu, lakini kwa watoto wetu weusi mara nyingi huelekea rangi ya chungwa au ya kijivu-njano, na muuguzi asiyejua hilo atatoa rufaa zisizo na sababu. La muhimu ni tofauti kati ya jicho na jicho, au mng'ao kukosekana. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama arobaini atalalamika, na ana haki. Ndiyo sababu kipimo kiandikwe kwenye kadi ya kliniki kama chanjo inavyoandikwa, kisiachiwe kumbukumbu yake.

Baada ya upasuaji zinabaki nauli za kurudi hospitali, miwani minene ambayo mtoto huivua kila akigeuziwa kisogo, na kuziba jicho zima ili lile dhaifu lifanye kazi. Angalau hili la mwisho limepungua uzito: kwa watoto walio chini ya miaka 7 wenye udhaifu wa wastani, utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kwamba kuziba saa 2 kwa siku kulisaidia sawa na saa 6, na saa 2 mama anaweza kuzisimamia huku anapika.