Kifua Hakipigi Nai

Haijatimia wiki mbili tangu mama mmoja wa Wete alipoteremka garini hapa Chake Chake, amemshika mkono mwanawe wa kiume mwenye umri upatao miaka kumi na miwili, akaniamkia kwa adabu zote, akaketi, akatweta kidogo kwa jua la njiani, kisha akaniuliza suali ambalo nimekwisha kuulizwa na wazazi, na wajomba, na walimu wa skuli, na watu wazima wanaotaka kujifunza wenyewe, mara zisizokuwa na hesabu: "Maalim, mwanangu huyu anaipenda nai, lakini haimlii. Kifua chake chepesi. Nimpe nini kifunguke?" Nikamtazama mtoto. Pembezoni mwa midomo yake ngozi ilikuwa imewiva kama ya mtu aliyeunguzwa na pilipili, na nguo yake ilinuka karafuu tangu alipopita mlangoni, nikafahamu kwamba dawa amekwisha kupewa, na kwamba mimi nimejiwa ili niseme kipimo tu.

Jawabu la suali hili nimelikariri kwa mdomo hata nimechoka, basi leo naliandika. Kifua hakina kosa. Mtoto mwenye pumzi ya kumwita mwenziwe aliye ng'ambo ya konde, naye akaitika, ana pumzi ya kuilizia nai, filimbi hii ya mwanzi, na ikabaki. Na kila dawa ya kukuza kifua anayopewa, ijapokuwa imetoka kwa bibi mwenye huruma na maarifa mengi ya miti, inatibu kiungo kisichougua na kukiacha kando kile kilichokuwa kikihitaji msaada, nacho ni midomo.

Dhana hii haikuzuka bure, na mimi siwalaumu walioirithi. Kwetu Pemba ala ya kupuliza ni zumari. Watu wamelisikia katika ngoma ya kirumbizi, wamelisikia katika harusi, na wamemwona mpigaji wake amevimbisha mashavu hata yakawa kama madafu mawili, mishipa ya shingo imemsimama, anavuta pumzi kwa pua ilhali sauti haikatiki kinywani, hata mtazamaji akamwonea imani. Mtu wa namna hiyo yahitaji awe na kifua, kwani zumari lina ulimi: vipande vya jani vilivyofungwa pamoja, ambavyo havitetemi mpaka vishindiliwe pumzi yenye nguvu. Nai, kwa upande wake, ni mgeni wa karibu zaidi, katika ala zilizofuatana na usanii wa Kimisri ambao Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kutoka mwaka 1870 hata 1888, aliutamani akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda kujifunza huko Misri, na ambao wanamuziki wa taarab wa Ikhwani Safaa, walioanza mwaka 1905, waliushika na kuulea mjini Unguja. Na hata huko wapiga fidla wamekuwa siku zote wengi kuliko wapiga nai. Basi Mpemba anapoishika nai kwa mara ya kwanza, huipigia sheria za zumari, maana ndizo anazozijua, na ikimkataa hudhani hakutia nguvu za kutosha.

Lakini nai haina ulimi. Ni mwanzi wa pingili tisa uliotobolewa matundu sita mbele na moja nyuma, uwazi mtupu huku na huku, na ndani yake hamna kitu cha kutetema. Kinachotetema ni pumzi yenyewe. Ikitoka midomoni nyembamba kama utepe, ikauvuka mdomo wa mwanzi na kuupiga ukingo wa upande wa pili, huyumba, mara ikaingia ndani, mara ikapita nje, na hewa iliyomo mwanzini, kwa kusukumwa na kurudi, huuyumbisha utepe ule mamia ya mara katika sekunde moja, na kuyumba huko ndiko tunakokusikia kuwa ni sauti. Utepe ukiukosa ukingo kwa unene wa uzi tu, huambulii ila upepo, na ukizidisha nguvu huzidisha upepo. Ukiupata, pumzi ya mtu anayepoza chai kikombeni yatosha. Wala sisemi kwamba nguvu haina kazi. Mwenye kuwa nayo sauti ya chini, akiiharakisha pumzi, nai humrukia juu oktavu nzima, na akiharakisha zaidi huruka tena hata sauti ya tano iliyo juu ya hiyo. Kwa hiyo kasi ya pumzi humchagulia mpigaji sauti apendayo baada ya sauti kupatikana, lakini haiwezi kamwe kumzalia ile ya kwanza.

Asiyesadiki na akitazame kipenga cha mwamuzi wa mpira. Mtoto wa miaka minne hukipuliza kikawakera jirani, naye hajatafuna karafuu wala hajameza yai bichi. Kwa nini? Kwa sababu fundi aliyekitengeneza amekwisha kumfanyia kazi ya midomo: amekichonga kijia chembamba kinachoielekeza pumzi kwenye ukingo, kwa pembe ileile, kila kinapopulizwa. Katika nai na katika filimbi ya kupulizwa ubavuni kijia hicho hakimo, na mwanafunzi sharti akitengeneze kwa midomo yake. Ugumu wote wa mwanzo ndio huo, wala hakuna mwingine.

Nilipata kumfundisha kijana mmoja wa Kojani, mvuvi na mpiga mbizi, mwenye kifua ambacho kila mzazi anayenijia angemtakia mwanawe, naye alipuliza siku nyingi mfululizo hata jasho likamtiririka, asipate ila mvumo kama wa upepo katika tanga. Siku moja akaja ana mafua, hana nguvu hata za kuzungumza. Nikamwambia arudi nyumbani akapumzike, akasema atajaribu mara moja tu ili asiwe amefunga safari bure. Akapuliza kwa unyonge. Nai ikalia, sauti ya chini, safi, ndefu, naye akaitoa kinywani akaiangalia.

Sasa nije kwenye karafuu, maana hapa ndipo yalipo madhara, na hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe kwa makini. Hakuna nyumba Pemba isiyokuwa na karafuu, na kiwanda cha makonyo cha Wawi, kisichokuwa mbali na ninapoandika haya, hukamua mafuta yanayouzwa mbali na karibu. Tunayatumia mafuta hayo kwa maumivu ya meno, nayo yanafaa, na ajabu yangu kubwa ni kwamba mtu ajuaye kuwa yanafaa kwa jino hajiulizi yanafaa kwa njia gani. Yanafaa kwa sababu yanatia ganzi. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, saba au nane katika kumi na pengine zaidi, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli, na kazi ya yujenoli inapogusa nyama laini ya kinywa ni kuifisha hisia; madaktari wa meno wameitumia miaka na miaka, wakiichanganya na unga wa oksaidi ya zinki, kwa ajili ya sifa hiyo. Na midomo ya mpiga nai ndiyo macho yake. Hauoni ukingo ule, hawezi kuuona, uko chini ya pua yake. Anaujua kwa kuuhisi tu, na tofauti ya sauti na upepo ni unene wa uzi. Basi mzazi anayempaka mwanawe mafuta ya karafuu midomoni ili nai imwie nyepesi amefanya sawasawa na mtu amfungaye kitambaa machoni mtoto anayejifunza kutunga sindano.

Wataniambia, kama walivyokwisha kuniambia, kwamba mtoto mwenyewe akishatafuna husema anahisi kifua kimefunguka. Nasadiki kwamba anahisi. Harufu kali ikipanda puani humpa mtu habari kwamba hewa inaingia kwa wingi, lakini aliyepata habari hiyo ni pua, na mapafu hayakuongezeka hata kwa ujazo wa kifuu kimoja. Nami sikutaka jambo hili libaki maneno matupu. Mbele ya wanafunzi wangu wote nilitafuna karafuu nne, nikazishikilia kati ya midomo na meno mpaka ganzi ikakaa, kisha nikaichukua nai niliyoipiga kwa zaidi ya miaka ishirini. Sauti ya chini haikuja kabisa. Ya juu ilikuja kwa vipande, ikipotea katikati ya pumzi kama taa inayoishiwa na mafuta, na mate yalinitoka pembeni mwa mdomo bila ya mimi kujua mpaka mwanafunzi mmoja aliponiashiria. Ilinichukua muda mrefu midomo kunirudia.

Hayo ni ya punje za kutafuna. Mafuta yenyewe, yasiyozimuliwa, huunguza ngozi ya midomo, kama nilivyoona kwa mtoto yule wa Wete, na yakimezwa ni sumu: kijiko kimoja au viwili vya chai vimepata kumfikisha mtoto mdogo kwenye ukingo wa mauti kwa kumharibu ini. Chupa ile si ya kuachwa karibu na mkeka wa mtoto. Ama yai bichi, asali, na kukimbia ufukweni alfajiri, sina vita navyo. Kukimbia ni siha, na asali ni tamu, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachoupeleka utepe wa pumzi kwenye ukingo.

Nini basi kinachoupeleka? Kata bua la jani la mpapai, kiasi cha shubiri moja, ukiacha mwisho wa upande wa jani umezibika kama ulivyo, na ule wa upande wa shina uwe wazi na umekatwa sawasawa. Lioshe vizuri na ulikaushe, kwa maana utomvu wa mpapai huwasha. Liegemeze chini ya mdomo wa chini, kimo cha kidevu, sema "pu" bila ya sauti, na iache midomo ibaki na mwanya usiozidi punje ya mchele. Kisha puliza polepole, kama mtu anayetaka kuutikisa mwale wa mshumaa asiuzime, huku ukilipandisha na kulishusha bua kwa kadiri ndogo kabisa uwezayo. Usiongeze pumzi. Pumzi iwe ileile, na kitakachosogea ni bua. Patakuwa na mahali pamoja ambapo upepo utageuka sauti, na palepale simama, usimeze mate, usicheke, vuta pumzi kwa pua na upulize tena pahala hapohapo. Ukiweza kulitoa bua mdomoni, kulirudisha, na kulipata mahali pale mara tano katika tano, umekwisha kushinda nusu ya safari, na hukugharimika hata senti.

Yaliyobaki ni mepesi, nayataja kwa haraka. Kaa mbele ya kioo: utepe wa pumzi hauonekani, lakini mwanya wa midomo unaonekana, na aghalabu umekwenda upande bila ya mwenyewe kujua. Mwenye filimbi ya kizungu ya kupulizwa ubavuni na aanze na kichwa chake peke yake, mwili wa filimbi aulaze sandukuni mpaka kichwa kilie. Na kwa mtoto ambaye mikono haijafika, kuna vichwa vilivyopindwa vinavyoyasogeza matundu karibu, si aibu kuvitumia. Mwenye nai asianze na ile ndefu, ambayo matundu yake yanampasua mtoto vidole, bali ashike iliyo fupi kidogo, akiilaza mshazari kwenye midomo wala asiisimamishe wima. Waturuki huivika nai yao kipande cha pembe au cha plastiki mdomoni, kinachoipa midomo pahala pa kutulia, na akipatikana fundi wa kukutilia kimoja mpe kazi hiyo. Sauti ikikwaruza baada ya kuziba tundu la tatu au la nne, usiilaumu midomo, kidole kinavuja. Ziba kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, na usikamue. Ukivitoa vidole utaona duara lililochorwa katika kila kimoja, na penye duara pungufu ndipo panapovuja. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zina faida kuliko saa nzima ya Ijumaa. Kizunguzungu kikikujia si shetani wala si hasadi, ni kwamba umepuliza kwa wingi mno na damu imepungukiwa na hewa chafu ambayo nayo ina kazi yake mwilini. Weka nai chini, kaa, pumua kama kawaida, kitaondoka. Mafuta ya kupaka ndani ya mwanzi huuhifadhi usipasuke, hayaongezi sauti. Na mwenye haja ya kupiga nyimbo mbili tatu ifikapo Idi, bila ya kutaka zaidi ya hapo, na anunue filimbi yenye kijia mdomoni, ile inayofundishwa maskulini, atapiga wiki hiihii. Atakaye kuendelea mbele, chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi huko Mji Mkongwe kimekuwa kikifundisha ala za taarab tangu mwaka 2002, na boti za Mkoani hazikukatika.

Yule mtoto wa Wete sikumpa nai siku ile. Nilimwosha midomo kwa maji na sabuni, nikamwambia akae siku nne asipulize kitu mpaka ngozi irudi, kisha aanze na bua, nikamwonyesha la kukata katika mpapai ulio nyuma ya nyumba. Mama yake akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole kama badala ya karafuu amchemshie tangawizi. Nikamwambia amnunulie kioo.