Kwa nini pilipili inachoma wakati hakuna kilichoungua?

Jikoni Chuno, Mtwara, umemaliza kukatia pilipili kwenye kachumbari. Umenawa mikono kwa maji, kisha ukajigusa jicho. Moto! Ukijitazama kwenye kioo, huoni lengelenge wala kidonda. Sasa kinachouma ni nini?

Neva imedanganywa

Pilipili ina kemikali iitwayo kapsaisini. Kwenye ncha za neva za ngozi, ulimi na macho kuna kama mlango mdogo, unaitwa TRPV1. Kwa kawaida hufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi. Kapsaisini inaufungua bila joto lolote, na ubongo unapokea taarifa kwamba unaungua. Mlango huo uligunduliwa mwaka 1997 na timu ya David Julius wa Marekani, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Wanaokuza sauti

Neva ikishtuka, humwaga vipande vidogo vya protini viitwavyo nyuropeptidi. Maarufu ni viwili: dutu P, iliyogunduliwa London mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum, na kingine kiitwacho CGRP.

Kwenye uti wa mgongo vinaupa ujumbe wa maumivu nguvu zaidi. Kwenye ngozi, vinatanua mishipa ya damu. Ndiyo maana sehemu inayowasha hupata joto, huwa nyekundu na wakati mwingine huvimba. CGRP inahusika pia na kipandauso, na kuna dawa za kukizuia ambazo kazi yake ni kuizima hiyo CGRP.

Fuko asiyeijua pilipili

Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi. Neva nyembamba za ngozi yake hazina dutu P wala CGRP. Timu ya Thomas Park na Gary Lewin ilichapisha utafiti mwaka 2008: fuko huyu akichomwa sindano ya kapsaisini mguuni, hana habari.

Watafiti wakampelekea jeni ya dutu P kwenye mguu mmoja. Mguu ule ukaanza kusikia pilipili! Lakini akibanwa, fuko huyu husikia maumivu kama wanyama wengine.

Usijipake pilipili

Neva ikichokozwa sana na kapsaisini, hupoa kwa muda. Kwa hiyo madaktari hutumia krimu au plasta ya kapsaisini kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Ila hizo zina kipimo maalumu. Pilipili uliyoitwanga nyumbani na kumpaka bibi gotini haina kipimo, inaweza kumjeruhi ngozi. Na maumivu yakinyamaza, haina maana tatizo limeisha. Goti likiendelea kuuma, mpeleke kituo cha afya.

Ikishakupata

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Sugua mikono kwa mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni. Jichoni usiweke mafuta: suuza kwa maji safi mengi, na usipopata nafuu, wahi hospitali.