Ploti Moja, Kesi Mbili

Ukitoka Nairobi kuelekea Kitengela au Ruiru, hutakosa kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mgeni atashangaa, mbona mtu atangaze kwamba hauzi? Mwenyeji hashangai. Anajua kwamba mahali fulani kuna jamaa mwenye nakala ya hatimiliki ya ploti hiyo hiyo, anayemtembeza mnunuzi Jumamosi asubuhi huku akimwonyesha vigingi kwa ncha ya kiatu.

Mnunuzi akishalipa na kugundua ameuziwa hewa, ushauri huja wa aina mbili. Mmoja atamwambia aende polisi, mwingine kwamba hiyo ni kesi ya madai, atafute wakili. Akifika kituoni, afisa naye huenda akamrudisha bila hata kumpa nambari ya OB: "Hayo ni mambo ya mkataba, mzee. Nenda kortini."

Jibu hilo halina mguu wa kusimamia. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema wazi kwamba kuwepo kwa kesi ya madai kuhusu jambo lile lile si sababu ya kusimamisha, kuzuia wala kuchelewesha kesi ya jinai. Kwa hivyo tapeli akikimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kisha amletee hakimu stakabadhi za huko akiomba mashtaka yangoje, hakimu hana sababu ya kungoja.

Hata hivyo, si kila mauzo yaliyoharibika ni jinai, na hapa ndipo wengi huteleza. Kosa la kujipatia pesa kwa udanganyifu, katika vifungu vya 312 na 313 vya Kanuni za Adhabu, linahitaji uongo kuhusu jambo lililokwisha kutokea au lililopo, na msemaji awe anajua ni uongo. Ahadi ya kesho haimo. Mahakama zimelishikilia hilo tangu miaka ya 1980.

Tuseme mwalimu mstaafu amelipa Sh800,000 za robo ekari. Muuzaji ni mwenye shamba kweli, ila mpimaji amechelewa, ndugu wamegombana, na miaka miwili imepita bila hatimiliki. Mwalimu ana haki ya kukasirika, lakini alicho nacho ni mkataba uliovunjwa. Sasa badilisha jambo moja tu: siku ile ya malipo, robo ekari hiyo ilikuwa tayari imeuzwa kwa mtu mwingine, na muuzaji akanyamaza akapokea. Hapo tuna jinai. Swali ni lile lile kila mara: alichokuambia siku pesa zilipotoka mkononi mwako kilikuwa kweli au uongo?

Matapeli wazoefu wanalijua hili kuliko wanunuzi. Chukua yale makubaliano yanayoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwa mwenye kibanda cha chai, uhesabu "nita-" zilizomo: nitaleta, nitahamisha, nitakamilisha. Kila "nita-" ni mlango wa kutorokea. Unachotaka kwenye karatasi ni "ni": ardhi hii ni yangu, nambari yake ni hii, haina mkopo, haijauzwa. Halafu uweke matokeo ya upekuzi rasmi wa sajili yenye tarehe, taarifa ya M-Pesa au ya benki, na jumbe za simu ambazo watu hufuta kwa hasira.

Adhabu nazo zimepishana ajabu. Aliyekudanganya kwa maneno matupu anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 3. Aliyeghushi hatimiliki anaweza kufungwa maisha.

Lakini hata akifungwa, hakimu wa jinai hafuti hatimiliki. Anaweza kuamuru fidia kwa kifungu cha 31 cha Kanuni za Adhabu. Sajili ya ardhi hurekebishwa kwa amri ya mahakama inayosikiliza mgogoro wa ardhi yenyewe. Huko, tangu uamuzi wa 1957 wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ulaghai unahitaji ushahidi mzito kuliko madai ya kawaida, ingawa haufiki kiwango cha jinai cha kuondoa shaka yote ya maana. Ndiyo maana mshtakiwa anaweza kuachiliwa na hakimu, kisha akashindwa na jaji. Akipatikana na hatia na muda wa rufaa kuisha, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa ushahidi usiopingika wa kosa lake.

Ila usikae ukingoja hukumu hiyo. Dai la mkataba lina miaka 6, la kurudisha ardhi 12, na ingawa kwenye ulaghai saa huanza kuhesabiwa ulipougundua au ulipopaswa kuugundua, haisimami eti kwa sababu mshukiwa yuko kizimbani. Wala usijifariji kwamba ulinunua kwa nia njema. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mahakama ya Juu ilikataa kuilinda hatimiliki ambayo chanzo chake kilikuwa na kasoro.

Upande wa pili nao una ujanja wake. Wapo wanaopiga ripoti si kwa kutaka haki bali kwa kutaka kulipwa haraka, kana kwamba seli ni ofisi ya kukusanyia madeni. Mahakama Kuu huyazima mashtaka ya namna hiyo, na nadhani ni sawa. Tena mlalamishi huyo, akishalipwa nusu Ijumaa jioni na kuahidiwa nyingine, hufika kortini Jumatatu akidhani atasema tu "tumeelewana" aende zake. Huko anakuta kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwenyewe hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama, na hakimu huenda akataka kwanza kujua hiyo nusu nyingine iko wapi.