Umenunua Subaru ya turbo? Pesa ya kwanza iende kwenye kusimama

Kijana akishapata Subaru yake ya turbo, barazani haulizwi ina umri gani wala imetembea kilomita ngapi. Huulizwa: "Sasa utaiongeza nini?" Jibu hulijua kila mtu: ekzosi ya kelele, ringi kubwa, springi zikatwe ilale chini, kisha aitwe fundi wa kompyuta aongeze nguvu. Kwa mpango huo gari huongezewa mbio kabla ya kuongezewa uwezo wa kusimama. Mimi nasema tuugeuze.

Nayasema haya nikiwa Rusinga, kaunti ya Homa Bay, ambako kazi imenileta kutoka Mombasa. Kati ya kisiwa chetu cha baharini na kisiwa hiki cha Ziwa Viktoria pana karibu kilomita 900, na Impreza yangu ya mkono wa pili huipita njia hiyo kila likizo. Unaanzia usawa wa bahari, unapanda hadi Nairobi, unateremka mteremko mkali wa Mai Mahiu, unapita Narok na Bomet, unazunguka vilima vya Kisii, unafika Homa Bay na Mbita, kisha daraja linakuvusha hadi Rusinga. Joto, baridi, mvua, malori, matuta na changarawe, vyote vimo ndani ya safari moja. Njia hiyo humwonyesha mtu gari lake linahitaji nini hasa.

Wapenzi wa Subaru hupenda kuitaja Safari Rally, na wana haki. Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza. Lakini tazameni vizuri picha za magari yale. Yaliinuliwa juu, yakafungwa ngao nene chini ya injini, mengine yakawekewa vyuma mbele. Timu yenye pesa na wahandisi, ilipokuja kwenye barabara zetu, iliongeza uimara. Sisi twaiga rangi ya buluu na ringi za dhahabu, somo lenyewe twaliacha.

Matairi

Baadhi ya magari ya Japani hushushwa Kilindini yakiwa na matairi ya theluji. Tazama ubavuni: ukiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji, ndiyo hayo. Mpira wake ni laini kwa sababu umetengenezewa baridi. Kwenye lami ya Mombasa saa nane mchana huisha upesi, na lami ikilowa hushika vibaya kuliko tairi la kawaida. Hata kama yanaonekana mapya, yatoe.

Ubavuni pia pana herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka 6 likaguliwe kwa makini, na likifika 10 halifai tena hata meno yake yakiwa marefu. Kuhusu ringi, usikimbilie inchi 19. Ringi ya inchi 17 yenye tairi nene huvumilia shimo ambalo ringi kubwa yenye tairi jembamba itapinda nalo.

Breki

Hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na sisi wa pwani hewa yetu yenyewe ni unyevu mtupu. Kwenye mteremko mrefu kama Mai Mahiu breki hupata moto, ule unyevu huchemka, mvuke huingia kwenye mabomba, na pedali huzama gari lisisimame. Mwambie fundi amwage mafuta yote ya zamani aweke DOT 4 mpya kutoka chupa iliyofunguliwa mbele yako. Rudia kila baada ya miaka 2. Wakati huohuo atazame breki pedi, unene wa diski, na mipira ya breki kama imepasuka. Ukitaka kuboresha zaidi, nunua pedi nzuri zinazostahimili moto. Hayo yanatosha gari la barabarani.

Chini ya gari

Ukitoka lami na kuingia changarawe ya kuteremkia ufuo wa wavuvi hapa Rusinga, jiwe moja lililochomoza laweza kuitoboa sampu. Oili ikimwagika ukaendelea na safari, injini imekwenda. Kwa hiyo ngao ya chuma au alumini chini ya injini ni nyongeza ya busara kuliko spoila. Hakikisha ina tundu la kumwagia oili, na haizibi njia ya hewa.

Kuhusu kuinua gari kwa spesa, kiasi kidogo chafaa. Ukizidisha, ekseli hukaa kwa pembe isiyo yake, mipira inayofunika grisi huchanika, na gari huyumba kwenye kona. Kukata springi ndiko kubaya zaidi. Springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia, na shoki hugonga mwisho kwenye kila tuta. Badilisha kwanza bushi na shoki zilizochoka, utashangaa gari lilivyotulia.

Injini kabla ya nguvu

Ukinunua gari la mtu, usiamini kadi ya oili iliyoning'inizwa. Badilisha oili, chujio, plagi na maji ya rejeta, uandike kilomita. Injini za EJ20 za miaka ya nyuma hutumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Kama huna ushahidi umebadilishwa lini, huo ndio uwe matengenezo yako ya kwanza, kabla ya pambo lolote.

Chujio la hewa la kiwanda liache mahali pake. Lile la wazi lenye umbo la pia hutoa sauti tamu ya turbo, lakini huvuta hewa ya moto, na vumbi la changarawe hulipata wazi. Hapa ziwani tuna na mgeni mwingine: kuna misimu wadudu wa ziwa huinuka juu ya maji kama moshi. Ukipita kati yao usiku, asubuhi rejeta na intakula zimezibwa. Zioshe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, maana mapezi yake hupinda upesi.

Kisha kuna petroli. Kifuniko cha tangi cha magari mengi ya turbo ya Japani huagiza petroli ya okteni ya juu, ile Wajapani waiitayo haioku. Ukitia ya okteni ndogo, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na kompyuta hupunguza nguvu ili ijiokoe. Sasa fikiria mtu aliyepandisha presha ya turbo kwa kompyuta, kisha akajaza petroli ya kawaida kwenye kituo cha kijijini. Pistoni hupasuka hivyo.

Taa na redio

Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zake huja zikielekea vizuri. Tatizo huwa ni vioo vya taa vilivyogeuka manjano. Visugue ving'ae, utaona mbali bila kubadilisha kitu. Ukichomeka balbu za LED kwenye taa iliyotengenezewa halojeni, mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja mbele, na anayekuja mara nyingi ni boda boda aliyebeba mama na mtoto.

Redio ya Japani huanzia masafa ya 76 na wala haifiki 108 yetu, ndiyo sababu stesheni nyingi hazisikiki. Kifaa kidogo cha kuhamisha masafa hutatua hilo, au nunua redio mpya. Hili ni pambo lisilomdhuru mtu.

Sheria nayo

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari amjulishe msajili mabadiliko yakifanya gari lisilingane na maelezo ya daftari, kama injini au rangi. Kelele nazo zina kanuni zake za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Na bima iambie ulichobadilisha, kabla haijapata sababu ya kukukatalia fidia.

Huku Rusinga watoto huvuka barabara wakirudi shule, ng'ombe hulala kwenye lami, na wenye samaki hupanga vikapu ukingoni. Kwenu Likoni, Mtwapa na Ukunda mambo ni hayohayo. Kasi ya mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa, na hakuna barabara ya Kenya inayoruhusu ile 180 ambayo magari ya Japani huzuiwa nayo kiwandani. Nguvu ya turbo uliyonunua inazidi mahitaji yako tayari. Kinachopungua ni mita chache za mwisho, baina ya bampa yako na mtoto aliyechomoka nyuma ya matatu, na mita hizo hununuliwa kwa matairi na breki.

Basi panga pesa hivi: mwezi wa kwanza oili, mkanda, mafuta ya breki na pedi. Wa pili matairi. Wa tatu bushi, shoki na ngao ya chini. Taa na redio zifuate. Ukifika hapo na mfuko bado unawasha, ekzosi ipo, haikimbii. Wazee wetu walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.